Kuchagua ubao wa upinde na kuuvisha mgongo

Upinde wangu wa kwanza wa ubao wa dukani ulipasuka nikiwa nimeuvuta inchi 22. Vipande vitatu, kimoja kilipita juu ya sikio. Nilikuwa nimeuvisha kitambaa mgongoni safu mbili, nikijua nimeufunga haswa. Kitambaa kilichanika pamoja na mbao. Kosa lilianzia dukani: nilichukua ubao wa juu kwenye rundo kwa kuwa rangi yake ilinivutia. Gundi na kitambaa haviponyi ubao mbaya.

Tuelewane majina kwanza. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe. Ukivuta upote, yaani kamba ya upinde, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Nyuzi za mbao mgongoni zikiachana, upinde umekwisha. Fundi anayeanza na mti mzima, kama Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, ana nyuzi zilizofuatana kama mti ulivyoota. Ubao umeshapita kwenye msumeno, na msumeno hauulizi nyuzi zinaelekea wapi.

Hatua ya 1: Aina ya mbao

Huku Ohio, Marekani, ninakoishi, mbao ngumu rahisi kupata ni mwaloni mwekundu. Ukiona hikori, mbao nyingine ngumu ya huku, chukua hiyo. Inavumilia kunyooshwa kuliko mwaloni. Msonobari uache palepale. Mwaloni mweupe nao unafaa, ila madukani huchanganywa na mwekundu. Ukitaka kujua ulichonacho, kata kipande kifupi, paka maji ya sabuni kichwa kimoja, puliza kwa kichwa cha pili. Mwekundu utatoa mapovu, maana vinyweleo vyake viko wazi kama mirija. Watoto wangu hawachoki na mchezo huu.

Hatua ya 2: Vipimo

Tafuta ubao ulioandikwa 1x2. Usishangae ukiupima na kukuta inchi 3/4 kwa inchi 1 na nusu. Ndivyo unavyobaki baada ya kupigwa randa. Urefu futi 6, kwa anayevuta inchi 28. Usiufupishe ili upendeze. Upinde mrefu husamehe makosa ya mkono mchanga.

Hatua ya 3: Kusoma nyuzi

Hapa usione haya kukaa dukani saa nzima. Toa ubao mmojammoja, ukimaliza panga rundo kama ulivyolikuta, wenye duka hawatakusumbua.

Angalia uso mpana. Mistari inayoanzia kichwa kimoja inatakiwa ifike kichwa cha pili. Ukiona mstari unatokea ubavuni katikati ya safari, hapo ndipo upinde utakapopasuka. Ukiona michoro kama ndimi za moto au herufi V zimepandana, rudisha, hata kama ndio ubao mzuri kuliko yote kwa macho. Kisha geuza uangalie mbavu zote mbili. Wengi husahau mbavu, nami nilisahau: uso wa ubao wangu ulikuwa umenyooka kama rula, lakini ubavuni nyuzi zilishuka kutoka mgongoni hadi tumboni ndani ya shubiri mbili.

Sasa sogeza jicho karibu kabisa, washa tochi ya simu. Kwenye mwaloni utaona vistari vifupi vyeusi, kama mtu amechora kwa ncha ya sindano. Hivyo ni vinyweleo, na ndivyo vinavyoonyesha nyuzi zinakokwenda. Mistari mikubwa ya miaka huweza kukudanganya. Vistari hivi havidanganyi. Vikilala sambamba na ukingo wa ubao, umepata.

Fundo, hata dogo kama punje ya mtama, kataa. Ukibaki na mbao mbili zinazolingana, zipime kwa mkono, chukua nzito. Mara nyingine nimerudi mikono mitupu, afadhali hivyo.

Hatua ya 4: Chonga kwanza

Ulaze ubao ndani ya nyumba wiki moja au mbili uzoee hewa. Chora umbo, chonga mpaka mikono yote miwili ya upinde, wa juu na wa chini ya mshikio, ianze kupinda kidogo ukiukandamiza sakafuni. Pembe za mgongo zilainishe kwa tupa ziwe mviringo, maana mpasuko hupenda kuanzia kwenye pembe kali.

Hatua ya 5: Kuvisha mgongo

Mimi hutumia kitani. Kitambaa kipya kifue kwanza kitoe wanga. Kata kipande kipana kidogo kuliko upinde, uzi wake ukienda na urefu. Ukikikata mshazari kitanyumbuka na hakitakusaidia kitu.

Piga msasa namba 80 mgongoni, futa vumbi, na usiguse tena kwa vidole vyenye mafuta. Paka gundi ya mbao ile isiyoogopa maji, laza kitambaa kuanzia kwenye mshikio kwenda nchani, ukisukuma hewa kwa dole gumba. Gundi ichomoze katikati ya nyuzi za kitambaa, pakavu pataachia. Paka gundi nyingine juu. Kesho yake ondoa ncha zilizozidi kwa tupa, ukisugua kutoka mgongoni kuelekea tumboni, usije ukakibandua. Acha siku nne au tano, kwani gundi imeingiza maji kwenye mbao.

Wapo wanaobandika ubapa wa hikori wenye unene wa inchi 1/8. Huo una nguvu za kweli, ila unahitaji jiriwa nyingi na mkono uliozoea. Kitambaa kazi yake kubwa ni kuzuia kibanzi kisinyanyuke na vipande visikurukie usoni.

Hatua ya 6: Mvuto wa kwanza

Funga upinde ukutani, uvute kwa kamba na kapi ukiwa umesimama mbali. Ongeza inchi moja moja, kwangua upande mgumu, rudia. Ukilenga upinde wa nguvu ya mvuto ya pauni 40, usivuke 40 hata kwa kujaribu, na usiachie upote bila mshale. Ukisikia "tik", teremsha taratibu na upitishe tochi mgongoni. Ukiona ufa mwembamba kwenye gundi unaokata kitambaa kwa upana, huo ni wa kutundika ukutani.