Jinsi ya kuomba leseni ya kuwinda Texas (bunduki inakuja mwisho, sio mwanzo)

Kila ikikaribia Novemba Waswahili wa Houston na Dallas wanaanza kuulizana maswali yaleyale, maana kazini bosi au jirani ameshawaalika kwenda kuwinda, na mtu hataki kukataa kwa sababu kule ukialikwa kwenye shamba la familia ya mtu ujue wamekukubali. Wenyeji wameikuta hii kitu nyumbani, babu anamwachia mjukuu bunduki, na Jumamosi ya kwanza ya Novemba msimu wa kulungu ukifunguliwa usitegemee kumpata fundi. Sasa sisi tumetoka sehemu ambazo bunduki ni ya askari au ya mlinzi wa benki, Kenya ndo kabisa kuwinda kumepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo mtu akifika hapa anaona bunduki zinauzwa duka moja na buti na mahema anafikiri mambo ni holela. Sio holela hata kidogo, utaratibu upo na unaenda kwa mpangilio wake, na wengi wanauanza kinyume: wananunua bunduki kwanza alafu ndo wanauliza leseni.

Anza na karatasi zako za uhamiaji. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo watu wanapoharibikiwa. Ukiwa raia au una green card, huna tatizo kwa upande huo. Ukiwa na viza ya muda (mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi) sheria ya shirikisho (ya Marekani nzima, sio ya jimbo) inakukataza kumiliki au kushika bunduki na hata risasi, isipokuwa uwe na sababu mojawapo zilizotajwa kwenye sheria, na iliyo rahisi kuipata ni leseni ya kuwinda iliyo hai, iliyotolewa na jimbo la Marekani. Umeona sasa kwa nini nasema leseni kwanza? Yule mwanafunzi anayepelekwa kulenga shabaha na marafiki wa chuo wikiendi bila leseni mfukoni anaweza kuwa anavunja sheria na hajui. Na kama huna karatasi kabisa, ndugu yangu usiguse, ya kuazima usiguse, ya kupigia picha ya kuweka status usiguse, hiyo ni jinai na ikitoka hapo inaingia kwenye faili la uhamiaji. Ukiwa na wasiwasi na hali yako muulize wakili wa uhamiaji, usimuulize muuza duka.

Ukishajua uko salama, nenda kwenye kozi ya usalama. Texas inamtaka kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 awe ameipita. Ukiwa na miaka 17 kwenda juu unaisoma yote mtandaoni, ukiwa umekaa zako kwenye kochi. Usiipite kwa kubofya bofya tu. Kuna mambo ya msingi mule, mfano unapovuka senyenge: unatoa risasi kwanza, unaacha chemba (pale risasi inapokaa) wazi, unaipitisha bunduki chini ya waya mdomo ukiangalia pembeni, alafu ndo unavuka wewe. Mtihani wataleta vitu vya namna hiyo na porini pia utavikuta. Cheti ukishakipata kitunze kwenye simu kwa sababu askari wa wanyamapori akikukuta anakiuliza.

Ambaye hana muda kuna njia ya kuahirisha kozi, unalipa dola 10, ila ni mara moja tu maishani na lazima uwinde karibu na mtu mwenye leseni anayeweza kukusikia kwa sauti ya kawaida. Mi naona bora usome tu.

Leseni yenyewe inatolewa na Texas Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo. Zinaanza kuuzwa tarehe 15 Agosti na mwaka wake ni 1 Septemba mpaka 31 Agosti, kwa hiyo ukinunua Juni umejinunulia miezi miwili na kidogo. Unaweza kununua mtandaoni ila kwa mara ya kwanza nenda kaunta, duka la Walmart au Academy kwenye upande wa vitu vya uvuvi. Beba kitambulisho na uwe na namba ya Social Security kichwani kwa sababu wataiuliza. Mkazi analipa dola 25 na asiye mkazi dola 315, na ukazi maana yake umeishi Texas mfululizo zaidi ya miezi sita, kwa hiyo aliyehamia juzi kutoka Minnesota asijifanye mkazi. Watakuchapishia likaratasi lirefu, na pembeni yake kuna vitegi (lebo za kumfungia mnyama uliyemuua) vya kulungu na bata mzinga. Usivichane! Kinakatwa kimoja siku umepata mnyama, sio kabla.

Alafu mahali. Karibu ardhi yote ya Texas ni ya watu binafsi, kwa hiyo ama unaalikwa, ama mnachangishana kukodi shamba (wanaita lizi), ama unalipa dola 48 za kibali cha mwaka cha maeneo ya umma. Ukiona nguzo au miti imepakwa rangi ya zambarau ujue hiyo ni alama ya usiingie, kisheria kabisa, hata kama hakuna bango. Na mtego mmoja wa kuangalia: tangu Septemba 2019 nguruwe pori wanawindwa kwenye shamba la mtu bila leseni, mradi mwenye shamba ameruhusu. Watu wa viza wanasikia hivyo wanafurahi, lakini msamaha huo ni wa jimbo na ni wa uwindaji tu, sheria ya shirikisho ya bunduki bado inakudai ile leseni.

Sasa ndo bunduki. Kwa msimu wa kwanza azima ya mwenyeji wako, sio lazima ununue. Ukinunua dukani utajaza fomu 4473, fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki, na jina lako litapitishwa FBI hapohapo kuangalia rekodi yako, majibu ni endelea, subiri au umekataliwa. Umri wa kununua raifo ni miaka 18, bastola 21. Fomu inauliza kama unatumia bangi, na kama hukumu ya ugomvi wa nyumbani unayo, na kudanganya pale ni kosa kubwa kuliko unavyodhani. Inauliza pia kama mnunuzi halisi ni wewe, maana shemeji akikupa hela umnunulie yake kwa sababu yeye karatasi hazijakaa sawa, sheria ya 2022 inaweza kukupeleka ndani mpaka miaka 15. Mwambie shemeji hapana. Kale karaifo ka .22 ka risasi ndogo na bei rahisi hakaruhusiwi kwa kulungu, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. (Bei ya raifo ina kodi ya asilimia 11 ndani yake, na kwa sheria ya 1937 inaenda kwenye hifadhi ya wanyama, ndo maana wawindaji wa huku wanajigamba kwamba wao ndo wanawalipia kulungu.)

Siku ya siku, muda ni kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Ukiangusha, kabla hujamsogeza toa kitegi, ujaze jina la shamba na kaunti kwa kalamu, mwezi na tarehe unavikata na kisu kwenye karatasi, kuzungushia duara haihesabiki. Jaza na ile rekodi nyuma ya leseni. Waislamu waliozoea kuuliza: bismillahi ni wakati wa kufyatua, na ukimkuta bado mzima umchinje, mengine kamuulize sheikh wako.

Nyama ya kulungu wa porini hairuhusiwi kuuzwa, hata kwa mama ntilie wa kwenye apatimenti zenu. Kugawa ruksa, ila ukimpa mtu paja aondoke nalo mwandikie ile hati ya kukabidhi nyama yenye jina lako, namba ya leseni, tarehe na mahali ulipomuulia, akisimamishwa barabarani aonyeshe.