Dar ni mbaya kama inavyosemwa? Ipime kabla hujahama Kusini

Kwenye vijiwe vya Lindi, Masasi na Mtwara mjini, Dar es Salaam ina kesi nne: wezi, foleni, mafuriko na watu wasiojaliana. Hata jina lake la utani, Bongo, ni onyo kwamba usipotumia ubongo huli. Na bado ndiko walikokimbilia vijana wa kwetu, wengi kiasi cha jina la Wamachinga wa Lindi kugeuka jina la kila mchuuzi Tanzania nzima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani humo, na hawaishi wote maisha ya aina moja. Kila sifa mbaya ya Dar ina mtaa wake na saa yake. Zijue hizo kabla hujalipa kodi ya chumba.

Tenga mwezi mzima wa kukaa kwa mwenyeji, Novemba kuingia Desemba. Hela ya mnada wa korosho inakuwa imeanza kuingia, mvua za vuli zinanyesha, na utauona mwisho wa mwezi angalau mmoja. Ukienda Julai utaikuta Dar kavu yenye upepo mzuri, utalipa chumba bondeni, halafu masika ya Machi hadi Mei ndiyo ikufundishe.

Kabla ya kupanda basi

Chukua daftari. Kila anayekuhadithia ubaya wa Dar muulize vitu vitatu: alikaa mtaa gani, mwaka gani, na jambo lilimkuta saa ngapi. Hadithi nyingi zitaanguka hapo hapo. Aliyeibiwa Manzese miaka ya tisini anakusimulia Manzese ya miaka ya tisini. Waliosikia habari za "panya road" wa 2015 na 2022 wanadhani vijana wa mapanga wanapita kila jioni kila mtaa. Zinazobaki na mtaa, mwaka na saa, ziandike. Hizo ndizo utakazokwenda kuzihakiki.

Simu iandae nyumbani. Weka PIN kwenye laini yenyewe, siyo kwenye kioo tu. Mwizi akihamishia laini isiyo na PIN kwenye simu nyingine, anaanza kupokea ujumbe wako na kuihangaikia akaunti yako ya fedha. Piga *#06# uandike namba ya utambulisho wa simu (IMEI) inayotokea, na namba ya NIDA iache kwa ndugu, maana bila hiyo kurudisha laini kutakusumbua. Hela ya mtaji usiibebe taslimu. Iache benki, utoe kidogo kidogo kwa wakala.

Barabara ya kutoka Mtwara ni kama kilomita 560, na inaingia jijini kwa Barabara ya Kilwa, kupitia Kongowe na Mbagala. Mwenyeji wako akiwa Mbagala, Chamazi au Mtoni, mwambie kondakta mapema akushushe Rangi Tatu. Kosa la wageni ni kwenda hadi kituo cha mwisho kisha kurudi na mabegi jioni, wakati jiji zima linarudi upande huo huo. Andika jina la kituo, jina la mtaa na alama iliyo karibu, kama msikiti, shule au duka la dawa. Bei ya bodaboda au bajaji ikubaliwe kabla hujapandisha mzigo, maana ukishapanda huna tena nguvu ya kubishana.

Wezi

Sifa hii ina ukweli, ila imekaa mahali pake. Wizi unaowapata wengi hauhitaji panga. Ni wa mlango wa daladala, watu wanapogombania kuingia na wewe umeinua mikono kushika bomba: mfuko wa suruali unabaki wazi. Ni wa dirishani, gari likiwa limesimama kwenye foleni nawe umekaa pembeni unachati. Na ni wa vishandu, wanaopita na pikipiki na kukwapua simu au pochi ya anayetembea kando ya lami. Kwa hiyo simu ikae mfuko wa mbele, ikiita barabarani ingia dukani ndipo upokee, na pochi ivaliwe upande wa ukuta.

Huo ni wizi wa njiani. Mtaa unaotaka kuishi unapimwa kwa njia nyingine. Nenda saa mbili usiku siku ya kazi, urudi saa nne. Tazama duka la Mangi: anauza mlango ukiwa wazi au anapitishia sukari kwenye nondo? Anafunga saa ngapi? Muuza duka anaujua mtaa kuliko polisi, kwa sababu akikosea saa ya kufunga analipa mwenyewe. Tazama wakaanga chipsi na mama wanaouza samaki wa kukaanga. Wakiwa bado wamekaa saa nne na taa zao, na watoto wanatumwa dukani, mtaa huo unakalika. Wakiwa wamefungasha saa moja na nusu wote kwa pamoja, kuna sababu, na ukinunua kipande cha samaki utaambiwa. Halafu muulize mjumbe kama kuna ulinzi shirikishi na mchango wake ni kiasi gani kwa mwezi.

Ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiuhesabie Dar. Unamfikia mtu hata akiwa Newala shambani.

Foleni

Hapa sifa haijatia chumvi. Kutoka mtaa unaoutaka kwenda utakakofanyia kazi, safiri siku tatu kwa saa ya kazi kweli: Jumatatu, Ijumaa, na siku ya mvua. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Andika dakika za kusimama kituoni mbali na dakika za kuwa ndani ya gari, kwa sababu wageni huhesabu za ndani tu, na kumbe jioni Kariakoo unaweza kuacha magari kadhaa yapite yamejaa.

Kisha piga hesabu ya hela. Chukulia nauli ni shilingi 700 na unapanda magari mawili kwenda, mawili kurudi. Hiyo ni 2,800 kwa siku; kwa siku 26 za kazi ni 72,800. Chumba cha bei rahisi pembezoni, ukikijumlisha na 72,800, mara nyingi kinakuwa ghali kuliko cha karibu ulichokikataa.

Maji na chumba

Dar ina mabonde, na watu wamejenga ndani yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bonde la Msimbazi, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Kwa upande wetu wa Mbagala kuna mito ya Kizinga na Mzinga. Dalali atakuonyesha chumba saa sita mchana, kimepigwa rangi, bei nafuu, na hatataja maji.

Soma nyumba yenyewe. Mstari wa kahawia ukutani, hata chini ya rangi mpya, ni kimo cha maji ya mwaka jana. Kizingiti cha saruji kilichoinuliwa hadi karibu na goti, viroba vya mchanga nyuma ya nyumba, friji ya jirani iliyopandishwa juu ya matofali: mojawapo tu yatosha kukufanya uulize. Rudi mvua ikinyesha uone maji ya choo yanaelekea wapi.

Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba hudai miezi mitatu, sita, hata mwaka. Sifa mbaya za Dar hazitaji jambo hili, na ndilo linalorudisha watu Kusini mapema. Chumba cha 60,000 kwa miezi sita ni 360,000, pamoja na 60,000 ya dalali, jumla 420,000 kabla hujanunua ndoo. Bembeleza miezi mitatu. Usitoe senti mpaka umewauliza wapangaji wawili mwenye nyumba ni nani, na mkataba uandikwe mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Chumba kimoja huweza kuuzwa kwa watu watatu na tapeli mwenye funguo.

Uliza pia umeme wa LUKU. Vyumba sita vikichangia mita moja kwa viwango sawa, mwenye taa moja anamlipia anayegandisha barafu za kuuza. Tafuta nyumba ambayo kila chumba kina mita yake ndogo, au mpatane kwa maandishi kwamba mwenye friji na mwenye pasi wachangie zaidi.

Watu

Utaitwa mmachinga na utataniwa kwa lafudhi. Nawe taniana, yataisha. Kuhusu kutojaliana, Dar haikufuati nyumbani kukuuliza hali. Ni wewe unayejitambulisha: barua ya serikali ya mtaa unakotoka, salamu kwa mjumbe, msikiti au kanisa, na kikundi cha kufa na kuzikana cha watu wa kwenu. Usipojiandikisha mapema, siku ya msiba utaiona ile Dar waliyokuhadithia.

Mwezi ukiisha, rudi nyumbani kwanza na daftari lako, hata kama umeipenda. Nauli ya kurudi isiguswe kwa lolote. Mikorosho usiuze, mwachie ndugu kwa msimu mmoja, mwandikishane mbele ya mtendaji wa kijiji nani ananunua salfa ya kupulizia na mavuno yanagawanywaje. Maliza hayo kabla ya Mei, maana kupulizia hakumsubiri mtu aliye Mbagala akitafuta chumba.