Mgonjwa Asiyepona kwa Panadol: Namna ya Kumuunganisha Mtu na Jamii Yake

Kila zahanati ina wageni wake wa kudumu. Leo kichwa, wiki ijayo mgongo, baadaye "mwili wote tu unauma, nesi." Vipimo havionyeshi kitu, wanapewa Panadol, wanaondoka, wanarudi. Huku kwetu Uyole, Mbeya, tunawajua kwa majina na kwa kanga zao. Wengi wanaumwa kweli, ila chanzo hakimo kwenye dirisha la dawa: ni upweke, deni, msiba ambao haujaisha moyoni, au kijana aliyeondoka kwenda Tunduma na hapigi simu.

Uingereza wameweka mtu maalumu wa kushughulikia wagonjwa wa namna hii. Daktari akiona tatizo si la sindano, humwelekeza mgonjwa kwake. Naye hukaa naye, humsikiliza, kisha humuunganisha na kikundi cha bustani, mshauri wa madeni, au watu wanaotembea pamoja kwa mazoezi. Mwaka 2019 huduma yao ya afya, NHS, iliahidi kuweka zaidi ya 1,000 wa namna hiyo. Watafiti bado wanabishana faida yake ni kubwa kiasi gani, na sishangai, maana upweke hauna kipimo cha kutoboa kidole. Sisi Tanzania cheo hicho hatuna. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafikisha 137,294 ndani ya miaka mitano. Mimi niliianza kazi hii kwa kujitolea, kabla ya mpango huo. Ninayoandika hapa ni kwa mhudumu mwenzangu anayeanza, hasa wa nyanda zetu hizi.

Anza na vikundi, si na mgonjwa

Usimpeleke mtu mahali ambapo hujawahi kukaa. Hiyo ndiyo kanuni yangu, na ndiyo inayochosha miguu. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa balozi wa nyumba kumi, kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, uulize kuna vikundi gani. Watakupa orodha. Sasa nenda ukavione, kwa sababu nusu ya vilivyo kwenye orodha vimebaki mhuri tu.

Ukifika, keti nyuma usikilize. Kisha uliza mambo ambayo hayaandikwi. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa: hisa ni shilingi ngapi, na mtu anaweza kuingia katikati ya mzunguko au asubiri wavunje mwisho wa mwaka? Kwaya: je, kuna sare? Sare imewafukuza watu wengi kuliko sauti mbaya. Kiingilio ni bure, halafu mwezi wa pili mtu anaambiwa anunue kitenge cha pasaka na cha harusi ya mwenzao. Kikundi cha wazee: kuna choo cha karibu? Kuna mteremko? Mbeya ni milima, na goti la mama wa miaka sabini halijui kwamba mkutano ni muhimu.

Angalia na msimu. Mvua za kwanza zikinyesha, Novemba hivi, watu wanahamia shambani na vikundi vinakauka. Juni na Julai baridi inauma, kwa hiyo kikundi cha saa kumi na moja jioni usimpangie mzee. Yote haya yaandike kwenye daftari moja, penseli, maana yanabadilika.

Elewaneni na zahanati

Hapa sina mengi. Kaa na mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, mkubaliane nani anakuja kwako: anayerudi mara kwa mara bila ugonjwa kuonekana, ambaye presha haishuki ingawa dawa anazo, aliyefiwa, mama aliyejifungua na hana wa kumsaidia. Apimwe kwanza, kila mara. Wewe huachishi mtu dawa. Na mtu akikuambia amechoka kuishi, huyo si wa kikundi. Usimwache peke yake. Tafuta ndugu anayemwamini, mfikisheni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mazungumzo ya kwanza

Usitoe fomu. Nakusihi. Fomu inamfanya mtu ajibu kama yuko ofisini kwa mtendaji.

Nenda kwake, salimia salamu yote mpaka iishe. Kama ni Mnyakyusa, "ugonile" inafungua mlango haraka kuliko kitambulisho chako. Akiwa anachambua maharage, chukua ungo na wewe. Mtu mwenye kazi mkononi huongea bila kutazamana, na mambo mazito hutoka hivyo.

Swali la "shida yako ni nini?" liache, atakutajia magoti. Mimi huuliza: "Baba, siku ikikukalia vizuri, huwa umefanya nini?"

Mzee mmoja, mstaafu wa reli ya TAZARA, presha yake ilikuwa haishuki. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wako mbali. Nilikuwa na kikundi kizuri cha wazee, karibu na kwake. Akanijibu, "Binti yangu, kule wanaongea mazishi tu. Mimi napenda bao." Basi, bao. Nikatafuta kijiwe cha wacheza bao, nikakaa pale jua likaniishia, nikamwomba mmoja wao ampitie. Kumbe mzee alikuwa akiruka dawa kwa sababu alikuwa hali chakula. Nani apike ugali wa mtu mmoja? Kijiweni kuna mama wa maandazi na chai, kwa hiyo asubuhi anakula, na akishakula anameza vidonge. Presha anayo bado na dawa anakunywa. Ila siku asipoonekana, kuna mtu anayeuliza yuko wapi.

Msindikize

Kumwambia mtu "nenda pale kanisani Alhamisi, wanakutana" ni kumpa karatasi tu. Mpeleke mara ya kwanza wewe mwenyewe. Mtambulishe kwa mtu mmoja, si kwa kikundi kizima, na mtu huyo awe anaishi njia moja naye. Wakirudi pamoja kwa miguu au bajaji moja, kazi yako imepungua nusu.

Baada ya wiki mbili, mtembelee. Akisema hapendi, usimlaumu. Rudi kwenye daftari.

Siri yake ilinde mno. Mbeya, Iringa na Njombe ni kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na mtaani kwetu mtu akionekana na mhudumu, majirani wanaanza hesabu. Kwa kiongozi wa kikundi peleka jina na salamu tu. Ugonjwa atausema mwenyewe akitaka.

Njaa ni njaa

Mama ambaye jana watoto wamelala bila kula usimpeleke kwenye kwaya. Wala usimpeleke VICOBA, maana hisa za kila wiki atazikopa kwa jirani na utakuwa umemwongezea deni. Mpeleke kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, na muulize mtendaji kuhusu mpango wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, wa kunusuru kaya maskini. Akishasimama kidogo, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Kikundi chenye katiba na akaunti ndicho kinachoanza kusikilizwa.

Pesa yako mfukoni iache. Ukimkopesha mmoja, mtaa mzima utajua kabla ya jioni, na anayedaiwa ataanza kukukwepa njiani.

Itatokea umetafuta kikundi na hakuna. Hapo anzisha kidogo kidogo: watu watatu, nyumba ya mmoja wao, kazi ya mikono, siku ile ile kila wiki. Usikimbilie katiba wala mhuri. Mwambie mganga mfawidhi kuwa kipo, na mwisho wa mwezi umpelekee taarifa fupi: nani alipelekwa wapi, nani anaendelea, nani ameacha, ili mgonjwa anaporudi na mgongo wake dirishani, mganga ajue aulize nini.