Kabla ya Kansas, nendeni kwanza Same

Mtu akiniuliza ajiandae vipi kuvuka Kansas, jimbo la Marekani, kwa baiskeli na rafiki yake, simwanzii na visa. Namwambia: Jumamosi mchukue mwenzako, mtoke Moshi saa kumi na moja alfajiri, mwende Same. Ni kama kilomita 100. Mkilala Same mkiwa bado mnaongea, anzeni kutafuta tiketi.

Sisi hatukuwa tunaongea. Nilipita Kisangara nikapata pancha. Pampu ilikuwa kwenye begi la mwenzangu, na mwenzangu alishapotelea mbele. Nikakokota baiskeli juani mpaka Lembeni, nikamkuta kakaa kivulini, soda mkononi: "Aisee meku, ulikwama wapi?" Sikumjibu mpaka Same. Usiku ule, hasira ilipopoa, tukapanga mambo mawili ambayo yalitufaa kuliko vifaa vyote tulivyonunua baadaye. Mwenye pampu, viraka na solusheni anakaa nyuma, siku zote. Na mwendo unapangwa na yule aliyechoka, hata akiwa ni mimi kila siku.

Hela nayo mwiweke pamoja kabla ya safari. Mfuko mmoja wa chakula, kila mtu atie sawa, basi. Kudaiana bei ya soda kilomita 14,000 kutoka nyumbani kunatia aibu.

Njia tuliyofuata ni kipande cha TransAmerica, njia ndefu ya baiskeli inayotoka Astoria, Oregon, hadi Yorktown, Virginia, kama kilomita 6,800. Watu walianza kuipita kwa wingi mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200. Kuimaliza yote kunataka miezi, kwa hiyo mwenye likizo fupi akate kipande. Sisi tulichukua magharibi ya Kansas, barabara namba 96: Ness City, Dighton, Scott City, Leoti, Tribune.

Kama unabeba baiskeli yako kwa ndege kutoka KIA, itabidi ufungue pedeli ili iingie kwenye boksi. Ya kushoto ina nati za kinyume: inafunguka kwa kuzungushia upande ambao nyingine zote zinakazia. Fundi mmoja mjini alitaka kuikata kwa msumeno kabla hatujamzuia. Ukinunua kule, jaribu breki kwanza mahali pa wazi, kabla ya kuingia barabarani. Baiskeli niliyoizoea mimi, mkono wa kulia ndio breki ya mbele. Ya kule ni mkono wa kushoto. Ongeza na kuendesha upande wa kulia wa barabara, na siku mbili za mwanzo kichwa kinauma kuliko miguu. Chukua pia tyubu zenye valvu kama ya gari, maana utajaza upepo kwenye kituo chochote cha mafuta.

Pancha zitakuwepo. Mbigili unayoijua wewe, ile yenye pembe kama kichwa cha mbuzi, imejaa kando ya barabara kule. Usiegeshe baiskeli kwenye majani, iache juu ya lami au zege. Ukiuona mwiba kwenye tairi usiuchomoe kabla hujafika penye kivuli na maji, kwa sababu mara nyingi wenyewe ndio umeziba tundu.

Sasa upepo, na hapa nakuomba usome taratibu. Kiangazi unavuma sana kutoka kusini. Wewe unaelekea magharibi, kwa hiyo unakupiga ubavu wa kushoto, na bila kujua unaendesha umeuegemea. Linakuja lori la ng'ombe kutoka nyuma, linakupita kushoto hapo hapo. Kwa sekunde moja limekukinga: upepo umekatika ghafla, na mwili uliokuwa umeegemea upepo unaangukia kushoto, yaani kwenye matairi ya lori. Likishapita, upepo unarudi kama kofi na kukutupa kulia. Mara ya kwanza niliishia kwenye majani nikitetemeka. Aliye nyuma ndiye anayelisikia mapema, kwa hiyo kazi yake ni kupaza sauti: "Lori!" Wote mnapunguza mwendo, mnakaa wima, mnaacha nafasi ya kuyumba upande wa kulia. Usione haya kusimama kabisa. Upepo ukizidi, ondokeni usiku wa manane mfike kabla ya saa nne asubuhi. Taa mbele na nyuma ni lazima.

Maji: Ness City hadi Dighton ni kama kilomita 50 na katikati hakuna duka. Sisi tulibeba lita nne kila mtu. Mji unautambua kwa maghala marefu ya nafaka. Unayaona, unaendesha, unaendesha, na bado yako pale pale, kama Kibo unapotoka Arusha. Madereva wa pikapu watakuinulia kidole kimoja juu ya usukani. Hiyo ni salamu, nawe inua chako.

Kulala, miji mingi midogo inaruhusu wapanda baiskeli kupiga hema kwenye bustani ya mji, bure. Uliza kwanza ofisi ya mji au polisi, kisha uliza swali la pili ambalo sisi hatukuuliza: mabomba ya kumwagilia nyasi yanafunguka saa ngapi? Yetu yalifunguka saa tisa usiku, yakachomoza ardhini pande zote za hema. Mwenzangu alitoka amekumbatia begi la mkate, akaacha pasipoti ndani.

Ukishaipita Leoti unaingia kaunti ya Greeley, na saa inarudi nyuma saa moja. Tulikanyaga kama wehu tukihofia duka la Tribune litafungwa, tukafika tukihema, yule mama wa dukani akatutazama, akatazama saa ya ukutani. Tulikuwa na saa nzima ya kuchagua biskuti.