Jinsi ya Kumsajili Mtoto Katika Bima ya SHA Nchini Kenya

Wazazi wengi huamini kwamba wao wakishajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tumezoea kuiita SHA, watoto wao wamesajiliwa pia. Sivyo. Mzazi anapojisajili huwa amejisajili yeye peke yake, na watoto huongezwa baadaye, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa cheti chake. Pengo hili hugunduliwa wakati usiofaa kabisa: saa tatu usiku, mtoto yuko mgongoni anawaka homa, karani wa mapokezi anabonyeza nambari ya kitambulisho cha mama, jina la mama linatokea, na chini yake hapana kitu.

Hata waliokuwa wanachama wa NHIF, bima ya hospitali iliyotangulia SHA, kwa miaka mingi, na watoto wao wakiwa kwenye kadi, walitakiwa kujisajili upya mpango huu ulipoanza tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa hiyo kadi ya zamani isikutulize.

Kabla ya kuanza, ni vyema kujua unachokiomba. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliweka mifuko tofauti. Mfuko wa afya ya msingi hugharimiwa na serikali na hulipia huduma katika zahanati na vituo vya afya, yaani viwango vya 2 na 3. Huko aliyesajiliwa hutibiwa bila kutoa pesa, hata kama hajalipa mchango wowote wa bima. Mfuko wa bima yenyewe, unaotokana na michango yetu, ndio unaohitajika mtoto akilazwa au akipelekwa katika hospitali ya kiwango cha 4 na kuendelea. Maradhi mengi ya utotoni, kama malaria isiyo kali, kuharisha, minyoo, masikio kutoa usaha na upele wa ngozi, humalizwa katika zahanati. Ndiyo maana usajili una faida hata kwa familia ambayo mwezi huu haina shilingi ya mchango.

Hatua ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa, na hapa ndipo safari za wengi hukwama. Mtoto aliyezaliwa hospitalini huandikiwa notisi ya kuzaliwa na wauguzi. Aliyezaliwa nyumbani huandikwa na naibu wa chifu wa eneo hilo. Notisi hiyo si cheti. Cheti huombwa kwa msajili wa vizazi na vifo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ukiwa hujui kutumia mtandao, wahudumu wa Huduma Centre, vituo vya serikali vya kuhudumia wananchi, watakusaidia. Kuandikisha kizazi kabla mtoto hajatimiza miezi sita ni kazi nyepesi. Baada ya hapo ombi huhesabiwa kuwa limechelewa na utatakiwa vielelezo zaidi.

Ukikabidhiwa cheti, usikikunje na kukitia mkobani kabla ya kukisoma herufi kwa herufi. Mimi nilipoteza karibu mwezi mzima kwa sababu ya herufi moja tu: kitambulisho changu kinasema Mwanaisha, ilhali kwenye cheti cha mwanangu wa pili mama yake ni Mwanaasha. Kwa watu wa pwani hayo ni majina ya mtu mmoja, lakini kwa mtandao ni wanawake wawili, na ombi langu likarudishwa. Angalia pia kwamba cheti kina zaidi ya nambari moja, ile ya kuingizwa katika daftari la msajili na ile ya karatasi yenyewe. Ukiulizwa nambari, hakikisha kwanza ni ipi inayotakiwa.

Hatua ya pili ni kujisajili wewe mzazi, kama bado. Piga *147# kwenye simu, au ingia afyayangu.go.ke, au nenda katika kituo cha afya kilicho karibu nawe ukiwa na kitambulisho cha kitaifa na simu. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba nao husaidia katika usajili, na kwa bibi asiyesoma hao ndio njia bora. Tumia nambari ya simu ambayo ni yako na utakayobaki nayo. Nasisitiza hili kwa sababu ujumbe wenye msimbo wa siri hutumwa kwenye nambari iliyosajiliwa. Laini ikiwa ni ya shemeji, au imebaki na mama aliyekwenda kufanya kazi Saudia huku mtoto analelewa na nyanya yake Kilifi, utabaki ukingoja msimbo unaoingia katika simu ya mtu mwingine.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Ukiwa ndani ya akaunti yako, fungua sehemu ya wategemezi, chagua kumwongeza mtoto, kisha andika majina yake kama yalivyo kwenye cheti, nambari ya cheti na tarehe ya kuzaliwa. Ukitakiwa kuambatisha cheti, kipige picha mchana, karatasi ikiwa imelala mezani, pembe zote nne zionekane. Picha iliyopigwa chini ya taa ya jikoni na yenye kivuli cha mkono ni kujitafutia usumbufu. Rudia hivyo kwa kila mtoto. Aliyetimiza miaka 18 anaweza kubaki chini ya mzazi hadi miaka 25 endapo bado anasoma na hana kipato chake. Baada ya kumaliza, toka kwenye akaunti, ingia tena, na uone kwa macho yako kwamba jina limebaki pale.

Hatua ya nne ni tathmini ya uwezo, nayo inawahusu wasio na mwajiri. Utaulizwa kuhusu nyumba unayoishi, paa na kuta zake, maji, choo, nishati ya kupikia na idadi ya watu nyumbani, na majibu hayo ndiyo yanayokadiria mchango wako. Jibu kwa ukweli, ukihesabu wote wanaolala chini ya paa hilo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600, jambo ambalo kwa mama muuza mboga si dogo hata kidogo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote na mwajiri. Mchango mmoja huifunika kaya, mradi majina yamo.

Siku ya kwenda kutibiwa, anzia zahanati au kituo cha afya. Beba kitambulisho, simu iliyosajiliwa ikiwa na chaji, na kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto chenye rekodi za chanjo na uzani. Mwambie karani kwamba mtoto ni mtegemezi wako, naye atathibitisha usajili kupitia kwako. Ukiambiwa dawa hazipo na uende ukanunue nje, omba uandikiwe jina na kipimo chake vizuri. Mtoto anayeharisha, kwa mfano, anahitaji maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na wazazi wengi huacha zinki mara tu kinyesi kinapokuwa kigumu.

Yapo mambo ambayo hayangojei usajili. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au anayelala bila kuamshika, apelekwe hospitalini mara moja. Hesabu pia pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia na anahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo ukiulizwa habari za bima mlangoni huku mtoto anatetemeka, omba ahudumiwe kwanza, na nambari ya kitambulisho utaitoa akishalazwa kitandani.