Kuendesha timu ya watoto bila ada kumfukuza mtoto

Mwenzangu anayefundisha watoto huko Mbagala aliniomba nimwandikie tunavyoendesha timu yetu ya chini ya miaka 15 bila mtoto kubaki nyumbani kwa sababu ya hela. Nimeona heri niiweke hapa, na wengine waione. Ni soka, tena soka ya mtaani Dar es Salaam. Wa netiboli watabadilisha vifaa tu.

Hatua ya 1: Kata gharama kwanza

Uwanja omba wa shule ya msingi kupitia mwalimu mkuu, na ofisi ya serikali ya mtaa ijue mpo. Koni ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Vizibao vya mazoezi fundi cherehani atavishona kwa mabaki ya vitambaa.

Usibane kwenye mpira. Ule wa bei ya chini kabisa pale Kariakoo huota nundu mapema, utarudi kununua mwingine. Namba 4 kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, namba 5 kwa wakubwa wao.

Njumu usimwagize mzazi. Nunua za mtumba soko la Karume, ziwe mali ya timu, kila jozi iandikwe namba yake. Mguu ukikua, mtoto anarudisha na kuchukua saizi ya juu. Waazime wote, hata mtoto wa mwenye duka. Jezi zenye majina ya watoto mgongoni mimi sizitaki kabisa, maana msimu ujao nani atazivaa?

Hatua ya 2: Gawanya kwa wanaoweza

Tuseme timu ina watoto 30 na mwezi unahitaji Sh 150,000. Wengi hugawa kwa 30, wanapata Sh 5,000, kisha kila mwezi wanalia upungufu. Gawa kwa 20 uwe na Sh 7,500. Chochote kitakachotoka kwa wale 10 waliobaki ni ziada. Kama Sh 7,500 inawashinda hata wenye uwezo, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 3: Kusanya bila kumuumbua mtu

Hapa ndipo timu nyingi hupoteza watoto, na mara nyingi kocha huambiwa tu kwamba mtoto "kahamia kwa bibi yake".

Andaa karatasi moja kwa wazazi wote, yenye nafasi tatu za kuweka tiki: nitalipa yote, nitalipa kiasi hiki, msimu huu sina. Usiulize sababu wala usidai barua ya mjumbe. Wapo watakaosema wenye uwezo watajificha kwenye nafasi ya tatu. Atakuwepo mmoja, wawili. Huyo mwache, gharama yake ni ndogo kuliko ya kuwahoji kumi wenye shida ya kweli.

Karatasi zirudi kwa mweka hazina, si kwa kocha. Kocha asijue nani kalipa nini, ili asije akaonekana anampanga fulani kwa sababu mzazi wake analipa. Daftari la mahudhurio liwe mbali na la pesa. Mimi natumia kaunta buku mbili, moja inalala kwangu na nyingine kwa mweka hazina. Kompyuta sikatai, lakini faili husambaa kwenye simu za watu na daftari hukaa kabatini.

Kundi la WhatsApp ni la ratiba tu. Tumezoea orodha za michango ya harusi, jina na kiasi, na mwingine anaongeza lake chini. Kwa watoto orodha hiyo ni sumu: asiyeonekana humo anajulikana mtaa mzima kabla ya jioni.

Kuhusu akaunti, pesa isiingie kwenye namba binafsi ya mtu. M-Koba, yaani akaunti ya kikundi kwenye M-Pesa ya Vodacom, ni nzuri kwa vikoba kwa sababu wanachama wanaona kinachoendelea, na kwetu uzuri huohuo ndio kasoro. Basi waingizeni viongozi tu, wazazi wampe mweka hazina mkononi, naye aweke.

Mtoto asitumwe hela wala ujumbe wa hela. Hata "mwambie mama anipigie" anaielewa vizuri sana. Bibi asiye na simu janja mfuate nyumbani, ongea naye mtoto akiwa hayupo. Na mtoto akianza kukosa mazoezi karibu na tarehe ya kulipa, piga simu uulize afya yake na umwambie mzazi kuwa Jumamosi anahitajika uwanjani. Deni usiliguse.

Kuna wanaopenda kulipa kwa kazi: kufua jezi, kuchemsha maji ya kunywa. Ni jambo jema, kwa sharti moja: zamu iwe ya wazazi wote, wenye magari wakiwemo. Zamu ikiwaangukia wasiolipa peke yao, umeshatangaza majina.

Mzazi akilalamika kwamba anawalipia wengine, mjibu ukweli kwamba ndiyo, na kwamba bila hao mwanawe hana wa kucheza naye.

Hatua ya 4: Nauli

Tafuta mechi za kwenda kwa miguu. Ikibidi daladala, watoto wavae sare za shule na jezi zikae kwenye begi, la sivyo konda atadai nauli ya mtu mzima. Kukodi gari ni kwa fainali.

Hatua ya 5: Hesabu

Mwisho wa mwezi wasomee wazazi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, risiti zikiwa mezani. Majina hapana. Januari usidai chochote, kwani sare na madaftari ya shule vimeshakausha mifuko. Ya Januari yawekwe akiba tangu Oktoba.