Kusoma na Rafiki Chuoni Bila Kuishia Kupiga Soga

Kinachowapotezea muda wanafunzi wawili wanaosoma pamoja si urafiki wao, bali ni kuanza kazi kabla ya kuafikiana watasoma nini, kwa muda gani, na wakati upi wataruhusiana kuzungumza. Kabla ya kufungua daftari, kila mmoja aandike jambo moja linalopimika: si "kusoma uhasibu", bali "kukokotoa maswali matano ya uchakavu wa mali", yaani kupungua kwa thamani ya mali kadiri inavyotumika.

Chagueni mahali kwa makini. Barazani hapafai kabisa, kwa kuwa kila apitaye atatoa salamu, na adabu ya Mombasa haituruhusu kumjibu mtu kwa mkato bila kumuuliza habari za nyumbani. Maktaba ya chuo ni bora, na wakati wa kaskazi, joto la mchana linapolemea, saa za mapema baada ya sala ya alfajiri zina manufaa makubwa.

Simu zizimwe sauti, kisha mkabidhiane: yako ikae mkobani mwa mwenzako, na yake mwako. Ni vigumu kumwomba mtu simu bila sababu ya maana, na ugumu huo ndio unaotakiwa. Someni kimya kwa dakika 25 na kupumzika dakika 5, utaratibu uliobuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo miaka ya 1980. Likizuka la kuzungumza, mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, tuliandike hili, tutalizungumza mapumzikoni."

Baada ya vipindi viwili au vitatu vya kimya, fungeni vitabu muulizane. Hapa ndipo penye faida ambayo msomaji wa peke yake huikosa kwa urahisi. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokirudia kukisoma tu, ingawa baada ya dakika tano waliorudia ndio walioonekana kuongoza. Kwa hiyo msidanganyike na wepesi wa kupitia noti. Muulize mwenzako: tuktuk iliyonunuliwa kwa shilingi 400,000, itakayotumika miaka mitano na kubaki bila thamani, inachakaa kwa kiasi gani kila mwaka kwa mafungu sawa? Akijibu 80,000, usimwachie hapo. Mtake aeleze kwa nini kiasi hicho hupunguza faida ilhali hakuna pesa iliyotoka mfukoni mwaka huo. Akikwama, mpe nafasi afikiri kabla ya kumsaidia. Mkikwama nyote wawili, wekeni alama mkamuulize mhadhiri, badala ya kubishana hadi muda uishe.

Iwapo kimya bado kinawashinda, kila mmoja asome peke yake, nanyi mkutane kwa saa moja ya kuulizana tu.